Kopo la Vumbi la Manyoni

Sijamaliza hata kupima urefu wa jukwaa, mama mmoja akaacha karai lake la maandazi na kunijia.

"Kaka, samahani. Ndiyo mmekuja kuweka X?"

Nilikuwa nimepiga goti kando ya reli katika stesheni ya Manyoni, tepu mkononi, penseli sikioni. Mkuu wa stesheni alikuwa ameniruhusu, baada ya kukisoma kitambulisho changu pande zote mbili, lakini ruhusa ya mdomo haionekani kwa mbali. Kinachoonekana ni tepu. Na tangu reli ya kisasa ianze kujengwa, mgeni anayepima pima kando ya reli ana maana moja tu: kesho yake nyumba ya mtu itaamka na X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa.

"Hapana, mama. Napima jukwaa. Nataka kuitengeneza stesheni hii, ndogo, niiweke mezani nyumbani."

"Ya watoto?"

"Ya kwangu."

Alinitazama kitambo, nadhani akitafuta pa kuanzia kunionea huruma. Kisha akawageukia wenzake: "Si mtu wa X! Ni mtu wa midoli!"

Jina hilo nilikaa nalo siku tatu.

Mambo yenyewe ni haya. Nyumbani kwangu Dodoma, katika chumba ambacho kilikusudiwa kuwa cha wageni, kuna meza ya urefu wa mita 3 ambayo juu yake pana reli. Kila kitu kimepunguzwa mara 160. Mtu mzima ana kimo cha sentimita moja na ushee. Behewa la abiria la Reli ya Kati, lile ambalo ukitaka kulipita toka mlango hadi mlango lazima uruke mabegi, madumu na miguu ya waliolala, linatosha kwenye kiganja. Kazi hii ina mamilioni ya wagonjwa Ulaya, Marekani na Japani; mjini Hamburg, Ujerumani, kuna jumba zima liitwalo Miniatur Wunderland, lililofunguliwa mwaka 2001, ambalo watu hupanga foleni kutazama treni za urefu wa mkono. Huku kwetu mgonjwa akijitokeza hupewa jina kama nililopewa mimi.

Kipimo cha 1:160 nilikichagua kwa sababu ya hesabu moja tamu. Reli yetu ya zamani, aliyoijenga Mjerumani, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Gawanya kwa 160, unapata 6.25, na reli ndogo za milimita 6.5 zinauzwa. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Gawanya vivyo hivyo, unapata 9 kasoro unywele, na reli za milimita 9 zimejaa tele katika maduka ya kazi hii. Kwa hiyo kwenye meza moja naweza kulaza reli ya Mjerumani na reli ya kisasa bila kumdanganya mtu. Mezani zinapitana kwa milimita mbili na nusu tu. Ardhini zinapitana kwa zaidi ya miaka mia.

Na kama unatafuta mahali ambapo hizo mbili ni majirani, penye stesheni ya kiasi, penye ukuta wa Bonde la Ufa upande mmoja na tawi la reli linalochomoka kwenda kaskazini, huwezi kupata pazuri kuliko wilaya ya Manyoni.

Ila udogo nao una mipaka yake. Kutoka Manyoni hadi Singida mjini kwa tawi hilo ni kama kilomita 115. Kwa kipimo changu hizo ni mita 720 hivi, viwanja saba vya mpira vilivyounganishwa. Ndiyo maana anayejenga reli ndogo hajengi safari, anajenga kituo. Unachagua stesheni moja, unafupisha jukwaa, unakunja kona mapema kuliko inavyostahili, unauficha ukuta wa chumba kwa milima ya kuchora, na treni ikishapita nyuma ya milima unaiambia: haya, umefika Singida.

Nilidhani nimefanya vyema. Kisha akaja rafiki yangu mmoja aliyezaliwa Manyoni. Akazunguka meza mara mbili, akainama, akauliza: "Udongo huu wa wapi?"

"Manyoni."

"Manyoni ipi?"

Nilikuwa nimetumia unga wa kahawia wa kununua, uliotengenezwa kwa ajili ya mashamba ya Uingereza. Na kusema kweli, mara zote nilizopita Manyoni kwa treni ilikuwa usiku: taa moja, sauti za wauza chai, mtu anamwita mwenzake gizani. Nilikuwa nimejenga mahali ambapo sijawahi kupaona. Wiki iliyofuata nikapanda basi, nimebeba tepu, sumaku, chujio la chai na makopo matatu ya Blue Band yaliyooshwa.

Basi linatoka Dodoma kuelekea magharibi, linapita Bahi kwenye majaruba ya mpunga, kisha Kintinku kwenye mibuyu. Mbuyu mmoja nilioupenda ungekuwa na sentimita 10 mezani, na nilianza kuujenga kichwani papo hapo: mzizi wa tangawizi uliokauka kwa shina, vijiti vya mfagio kwa matawi. Jirani yangu wa kiti aliniuliza ninaandika nini. Nikasema mbuyu. Akahamia kiti cha nyuma palipokuwa na nafasi.

Halafu mbele yako ukuta unainuka. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo wajenzi wa Reli ya Kati walipolazimika kufikiri. Kazi ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni ya Philipp Holzmann. Reli ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Wajerumani walikuwa na boma lao Kilimatinde, juu kabisa ya ukingo, mahali pa upepo mzuri na pa kuona mbali. Reli haikupapanda. Ilipita chini, Saranda, ikatafuta njia yake ya kupanda, na ilipofika juu Manyoni ndiyo ikakua kuwa mji. Kilimatinde ikabaki pale juu, ikiutazama moshi kwa mbali.

Nilishuka Saranda makusudi ili nikitazame kilima hicho kwa miguu. Mezani, kupanda kwa sentimita 2 katika kila mita tayari ni mateso. Magurudumu ya kichwa yanateleza, mabehewa yanaanza kurudi nyuma, nami hucheka na kuyasukuma kwa kidole. Pale Saranda kicheko kilinikauka. Tarehe 24 Juni 2002, kwenye reli hii hii, upande wa Dodoma karibu na Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma kilimani kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Niliporudi nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya ni kukipunguza kilima changu.

Sasa turudi Manyoni. Mtu wa treni ndogo akifika stesheni hatazami treni. Anatazama chini. Kati ya reli, pale vichwa vinaposimama, kokoto ni nyeusi kwa mafuta yaliyodondoka miaka na miaka. Ukisogea hatua ishirini weusi unakwisha na kokoto zinakuwa na rangi ya kutu, maana vumbi la breki ni chuma kilichosagika. Mataruma ya reli ya zamani ni ya chuma, yenye mgongo wa mviringo kama bakuli refu lililopinduliwa, na ukitengeneza yako bapa kama ya mbao umeshakosea. Ya SGR ni ya zege, meupe, yamepangwa kama meno. Kuna njia nyembamba ya mbuzi inayokatiza reli mshazari. Mbuzi hawajui jukwaa linaanzia wapi. Kuna mlango wa stoo uliobanduka rangi, na kwenye mbanduko unaona tabaka tatu za rangi, moja juu ya nyingine. Hayo yote niliyaandika, mengine nikayachora, na hili la mlango litatusumbua mbele.

Halafu reli zenyewe. Zinasema ukweli ambao ratiba huuficha. Reli inayopitwa kila siku mgongo wake unang'aa kama kisu cha buchani. Isiyopitwa inashika kutu. Siku ile niliyokuwapo, njia kuu ilikuwa inang'aa. Ya Singida ilikuwa ya kahawia, na majani yamesimama katikati ya mataruma kana kwamba yanasubiri abiria wao. Si mara ya kwanza kwa tawi hilo. Miaka ya 1930 Waingereza walilijenga kutoka Manyoni hadi Kinyangiri, huko Mkalama ya leo, wakitumaini mazao. Miaka ya 1940 wakaling'oa. Baada ya Uhuru likajengwa upya, safari hii likaishia Singida. Ni reli iliyokwisha kuzikwa mara moja na kufufuka, kwa hiyo yale majani sikuyaogopa sana. Niliyapima. Yalikuwa na sentimita 30, yaani milimita 2 mezani, na kwa hayo brashi kuukuu ya viatu inatosha.

Upande wa pili ni SGR. Abiria wa Dar es Salaam wanafika Dodoma kwa treni ya umeme tangu Julai 2024. Ujenzi wa kipande kilichotoka Morogoro umeishia Makutupora, humu humu mkoani Singida, na kutoka Makutupora kipande kingine cha kilomita 368 kinakwenda Tabora. Kwa macho ya anayetaka kuipunguza, SGR ni nguzo na nyaya. Waya ule unaolisha treni umeme, ukiugawa kwa 160, una unene wa unywele. Nilihangaika nao miezi. Dawa niliipata saluni: uzi mmoja wa rasta, zile za kusukia, umenyooka, mweusi, haukatiki ovyo. Pakiti moja itanitosha hadi Kigoma.

Mzee mmoja mstaafu wa reli aliletwa kwangu chini ya mwarobaini. Walimleta kama wanavyomleta mganga, huku wengine wakifuata nyuma kusikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa midoli?"

Nikamwonyesha mchoro wangu. Aliushika mbali na macho, akaugeuza, akaupigia kidole mahali pawili. Hapa, akasema, umesahau maji. Kichwa cha mvuke kilikuwa kinakunywa kama ng'ombe, na huwezi kuwa na stesheni ya zamani bila mahali pa kukinywesha. Na hapa umeweka njia ya kupishana fupi mno. Treni ya mizigo mkia wake ungebaki nje. Alikumbuka vichwa vya East African Railways, vyekundu vya damu ya mzee, na hapo tukaingia kwenye habari niliyokuwa nimekuja nayo mfukoni kama zawadi.

Miaka ya 1950 shirika hilo liliagiza Glasgow, Scotland, kutoka kampuni ya North British, aina ya vichwa vya mvuke vilivyopewa majina ya makabila ya Tanganyika. Kimoja, namba 3020, kiliitwa Nyaturu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na chake, Nyaturu alibaki Kenya. Leo yuko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na watu wanapiga naye picha.

"Nyaturu?" mzee akauliza. "Wa kwetu hapa?"

"Jina lenu limeandikwa ubavuni."

Akatikisa kichwa. "Basi amekwenda kuolewa mbali." Waliokuwa nyuma yake wakacheka, na nadhani ni kuanzia hapo nilipokubalika. Mezani kwangu nimemrudisha: plastiki na bati, pamoja na behewa lake la mafuta, na jina nimeliandika kwa sindano. Nikiwa na haki moja tu katika kazi hii, naichukua hiyo.

Lakini jambo kubwa zaidi nililojifunza Manyoni sikulipata kwa mzee. Nililipata kwa wajukuu. Nyuma ya nyumba za karibu na reli, wavulana watano walikuwa wamechora njia kwa kijiti kwenye vumbi, ndefu, imepinda, yenye mahali patatu inapogawanyika kuwa mbili na kuungana tena. Treni zilikuwa mbili: makopo ya dagaa na maboksi ya juisi yaliyofungwa kwa waya, magurudumu ya vizibo na ya kandambili zilizokatwa duara. Nilisimama pembeni. Mmoja akaja mbio na treni yake akinguruma kwa mdomo, akafika kwenye mgawanyiko, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Ilibidi asimame. Mwenzake mdogo alikuwa amekaa pale, mguu mmoja umenyooshwa, akamwambia bila hata kuinua uso: "Huna kijiti."

Kijiti kilikuwa kimoja kwa kila kipande cha njia. Mwenye kijiti ndiye anayepita. Asiye nacho anasubiri mpaka mwenzake atokee upande wa pili, ampe. Yule wa makopo ya dagaa alisubiri dakika nzima, akipuliza honi ya kulalamika, na hakuna aliyemwonea huruma.

Huo ndio utaratibu wa njia moja uleule ambao reli duniani kote zimeuendesha kwa zaidi ya karne, ambapo treni haiingii kwenye kipande bila idhini ya stesheni ya mbele. Mimi niliusoma vitabuni. Wao walikuwa nao kwenye vumbi. Na mezani kwangu, kwenye vifaa vya pesa ambazo sitazitaja hapa kwa sababu mke wangu husoma makala zangu, treni zilikuwa zinazunguka tu, mfululizo, kama nzi kwenye taa. Nilikuwa nimeweka kila boliti na sikuwa nimeweka kungoja.

Sasa nina njiti mbili za kiberiti, moja nyekundu na moja ya bluu. Treni ya kutoka Itigi, upande wa magharibi, haiingii Manyoni mpaka niwe nimeishika njiti yake. Wageni wanaokuja kuona wanachoka mapema zaidi kuliko zamani. Mimi sichoki kabisa.

Kutoka Manyoni nilifika pia Itigi, nikakaa nusu siku tu, kwa hiyo nitasema kidogo. Kile kichaka chake mashuhuri, ambacho wataalamu wa mimea wanakisoma kwa jina la mji huo, kikiwa kikavu kinaonekana kijivu, kimesukana, hakina pa kupenya. Nilikitazama nikaona sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, na ndiyo niliyotumia. Nilinunua asali. Nikachota vumbi kopo la pili, maana la Itigi limepauka kuliko la Manyoni, na tofauti hiyo usingeiona mpaka uyaweke makopo yote mawili sambamba.

Kuhusu vumbi lenyewe. La Manyoni si jekundu na si kahawia. Ni kama chai ya maziwa aliyoimwaga mtu juu ya matofali. Huwezi kulichota na kulimwaga mezani hivi hivi. Kwanza unalichuja kwa chujio la chai, kwa sababu punje ya mchanga ya milimita 2 mezani ni jiwe la kukalia. Kisha unalikaanga ili wadudu na mayai yao yafe, kazi niliyoifanya kwenye sufuria ambayo baadaye niliambiwa ni ya ubwabwa. Kisha unapitisha sumaku. Pale stesheni nilipoipitisha mara ya kwanza ilitoka na ndevu nyeusi nzito: vipande vya chuma vya breki, magurudumu na reli vilivyosagika hapo tangu enzi za yule mzee. Mwisho unalinyunyiza, unalilowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, na unadondosha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa. Likilowa linakuwa jeusi na moyo unashtuka. Subiri likauke.

Lilipokauka, Manyoni ilikuwepo. Sina namna nyingine ya kulisema. Meza ileile, nyumba zilezile, na mara hii ilikuwa saa nane mchana, jua kali.

Treni ya kwanza ikatoka nyuma ya milima, ikashuka polepole, ikaingia stesheni, ikasimama sawasawa penye jukwaa. Nikafurahi. Nikaiamuru iondoke, haikuondoka. Nikapandisha umeme, ikatoa harufu. Ilipofunguliwa, mota yake ilikuwa imejaa ndevu zilezile nyeusi. Nilikuwa nimepitisha sumaku mara moja, na mara moja haitoshi. Vumbi la stesheni lipitishiwe mara tatu, kwenye karatasi, tabaka jembamba. Na reli zenyewe zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila safari, kwa sababu treni ndogo inakula umeme kupitia magurudumu yake na vumbi kidogo tu ni njaa. Kichwa hicho kilikufa. Nimekiweka kwenye njia ya Singida, kati ya majani, na lazima niseme kinapendeza.

Rafiki yangu wa Manyoni alirudi mwezi uliopita. Alizunguka meza mara mbili kama ile ya kwanza. Hakuuliza udongo wa wapi. Aliuliza: "Mama wa maandazi yuko wapi?" Basi yupo sasa, kimo cha sentimita moja, karai lake ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyokandamizwa kwa kitako cha penseli. Nimemgeuzia uso kwa mtu mwenye tepu aliyepiga goti.

Kimebaki kitu kimoja. Ule mlango wenye tabaka tatu za rangi. Nataka stesheni yangu iwe ya wakati Nyaturu na wenzake walipokuwa bado wanafanya kazi, na mzee aliniapia kwamba milango ilikuwa ya kijani. Mwenzake, mstaafu pia, alimkatalia pale pale chini ya mwarobaini: ilikuwa ya bluu. Waligombana mpaka chai ikapoa. Picha za zamani nilizoziona ni nyeusi na nyeupe, na humo kijani na bluu ni ndugu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Kama kwenu kuna picha ya stesheni ya Manyoni, Saranda au Itigi ya kabla ya 1977, usiiache ipotee na albamu. Kama aliyepigwa picha hiyo bado yu hai, muulize leo, uandike nyuma ya picha kwa kalamu: mwaka, jina la kichwa kama kinaonekana, na rangi ya milango. Yangu bado haijapakwa.